Malambo ya Usukuma: Maji ya Serikali, Ng'ombe wa Wananchi

Februari 1875 Henry Morton Stanley alikuwa akielekea Ziwa Victoria kutokea kusini. Njiani aliukuta mto Simiyu, akauandika kuwa ndio chanzo cha Nile kilicho mbali kuliko vyote upande wa kusini. Baadaye ilibainika kwamba sifa hiyo ni ya vijito vinavyoingia mto Kagera, lakini Stanley alikuwa na sababu ya kudanganyika. Alipita wakati wa mvua, mto ukiwa na maji. Angepita Septemba angekuta mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati ya mchanga huo wanawake wamepiga magoti wakichota maji kwa kata kutoka kwenye mashimo yaliyochimbwa kwa mikono.

Ndivyo mito ya mkoa wa Simiyu, huku Usukuma, ilivyo. Simiyu wenyewe, Duma na vijito vinavyoilisha hufurika kwa siku chache, kisha hujificha chini ya mchanga. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Mei, na baada ya hapo watu na mifugo huishi kwa kile kilichobaki ardhini. Kwa vizazi vingi kilichobaki kilipatikana kwa kuchimba. Kadiri kiangazi kilivyosonga ndivyo shimo lilivyozidi kwenda chini, na aliyelichimba ndiye aliyekuwa na haki nalo. Alilizungushia miiba, akafinyanga hori la udongo kando yake, na ng'ombe wakaletwa kundi baada ya kundi, kila mwenye kundi akijua zamu yake. Hakukuwa na ofisi ya maji, lakini utaratibu ulikuwepo na uliheshimiwa, kwa sababu aliyeuvunja angeulizwa na majirani siku hiyo hiyo.

Lambo lilikuja na utaratibu mwingine kabisa. Ni tuta la udongo linalokinga bonde dogo ili maji ya mvua yasipotee, na anayesafiri leo kutoka Bariadi kwenda Itilima, Maswa au Meatu atakutana na malambo mengi: mengine yamejaa, mengine yamekuwa tambarare ya majani, mengine yamebaki mstari wa mwinuko ambao mgeni hawezi kuutambua. Mengi yalijengwa na serikali, ya kikoloni kwanza na ya Tanganyika huru baadaye. Historia yake inaonyesha vizuri kuliko hotuba yoyote jinsi dola na mfugaji wa Usukuma walivyotazamana kwa miaka mingi.

Ardhi yenyewe inafaa kwa kazi hiyo. Wasukuma wameipanga kwa majina kuanzia mlimani hadi bondeni: juu karibu na mawe kuna luseni, udongo wa kichanga unaolimika kwa urahisi, katikati itogolo, ulio na tabaka gumu chini, na bondeni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kubwa wakati wa jua na kunata wakati wa mvua. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani huko Tanga, alitangaza nadharia yake kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio maalumu kwenye mteremko, na nadharia hiyo ikasomwa duniani kote. Mkulima wa Ntuzu, huko Bariadi, hakuhitaji kuisoma. Alijua tayari wapi apande mtama, wapi pamba, na wapi maji yatatuama.

Serikali ya Kiingereza ilianza kuyatazama maji ya Usukuma kwa makini kwa sababu ya hofu. Katika miaka ya 1920 na 1930 mapori yalifyekwa kwa maelfu ya mikono ili kuwafukuza mbung'o, kazi iliyoongozwa na C. F. M. Swynnerton kutoka Shinyanga. Watu walienea, pamba ikaongezeka, ng'ombe wakaongezeka zaidi. Maofisa wakaanza kuandika kwamba nchi inaelemewa. D. W. Malcolm aliandika ripoti kubwa kuhusu Usukuma, iliyochapwa kuwa kitabu mwaka 1953. N. V. Rounce, bwana shamba wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru, alikwenda mbali zaidi: alikokotoa kaya moja inahitaji ekari ngapi za kulima na ngapi za kuchungia, akafikia hesabu kwamba nchi hiyo inaweza kubeba watu 100 kwa kila maili ya mraba. Waliozidi walitakiwa kuhama.

Kutoka kwenye hesabu hiyo ulizaliwa, mwaka 1947, Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake makuu yakiwa Malya katika wilaya ya Kwimba. Hapo ndipo watemi wa wilaya za Mwanza, Kwimba, Maswa, Shinyanga na Geita walipokutanishwa katika shirikisho moja. Mpango ulitaka mengi kwa mpigo: matuta ya kufunga mashambani, samadi, kupunguza mifugo, kuhamia ardhi mpya. Na lambo ndilo lililokuwa ufunguo wa yote, kwa sababu hakuna Msukuma ambaye angehamisha ng'ombe wake kwenda mahali pasipo maji. Palipochimbwa lambo ndipo palipotakiwa kuwa na watu, na pasipochimbwa palitakiwa kubaki nyika. Kwa maana hiyo lambo lilikuwa chombo cha kupanga binadamu kabla ya kuwa chombo cha kunyweshea ng'ombe.

Ujenzi wake ulikuwa tamasha. Katapila zilishuka bondeni zikikwangua udongo na kuusukuma hadi kwenye mstari uliopimwa. Tuta zuri lina moyo wa mfinyanzi uliomwagiwa maji kidogo na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likikanyagwa na mashine hadi unyayo usizame. Nje ya moyo huo huwekwa udongo mwingine wa kuushikilia. Upande unaotazama maji hupangwa mawe ili mawimbi yasiumegue, na upande wa pili hupandwa nyasi. Miti haitakiwi kabisa, maana mzizi ukioza huacha tundu, na tundu hilo maji hulifuata. Pembeni, mbali kidogo na tuta, huachwa utoro wa maji: njia pana ya kupitishia mafuriko ili yasipande juu ya tuta. Pale ambapo bonde halikufaa kukingwa, lilichimbwa shimo kubwa la mraba kwa mfano ulioletwa kutoka Sudan, udongo wake ukirundikwa kandokando.

Adui wa tuta ni mambo madogo. Ng'ombe hupenda kupita njia ileile kila siku. Kundi likivuka tuta mahali pamoja kwa miezi, kwato hukata mfereji wa kina cha kiganja, mvua ya kwanza huufanya wa kina cha goti, na siku lambo linapojaa hadi hapo maji hutokea pale pale na kulibeba tuta lote. Utoro nao huziba kwa majani na mchanga, au mtu huona udongo wake una unyevu mzuri akapanda mpunga na kuinua kijaruba. Mafuriko yakija yanakosa pa kupita. Kuzuia yote haya kunahitaji koleo, uzio wa miiba na mtu wa kupita kila wiki. Katapila halihitajiki tena. Anahitajika mtu anayeona lambo ni lake.

Hapo ndipo Mpango ulipokosea tangu mwanzo. Sheria za kilimo na mifugo zilishushwa kupitia kwa watemi na wanangwa, wakuu wa vijiji chini yao, na asiyezifuata alipigwa faini au kufungwa. Wapo viongozi waliojaribu kusimama katikati. Mtemi David Kidaha Makwaia wa Usiha, ambaye mwaka 1945 alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame, aliaminiwa na serikali na kwa muda aliheshimiwa na watu. Lakini kadiri amri zilivyoongezeka ndivyo utemi ulivyochafuka machoni pa raia. Paul Bomani na vyama vya ushirika vya pamba alivyoviongoza, vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, walionyesha kwamba mkulima anaweza kujipanga bila fimbo. TANU, chama cha kudai uhuru, ilizuiwa kufungua matawi Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958, na kuzuiwa huko kuliiongezea wafuasi. Mwaka 1958, baada ya vurugu za wananchi wilayani Geita, sheria za matuta na mifugo ziliachwa. Mwaka 1963 utemi wenyewe ulifutwa.

Malambo yalibaki. Watu walikataa amri iliyokuja na maji, lakini maji hawakuyakataa, na kuanzia hapo walianza kuyatumia kwa namna ambayo haikuandikwa Malya.

Samaki, kwa mfano. Majaribio ya kwanza ya kufuga perege Tanganyika yalifanywa mwaka 1949 katika vituo viwili, Korogwe na Malya. Miaka iliyofuata maelfu ya mabwawa ya samaki yalichimbwa nchini, na mengi yakafa kwa ukame na kukosa matunzo. Kampeni ya kitaifa ya mwaka 1967 nayo haikufua dafu. Lakini katika malambo ya mifugo samaki hawakungoja kampeni. Perege waliopandikizwa walizaana, kambare wakaingia na mafuriko, na kamongo, anayeweza kujizika kwenye tope na kungoja mvua miezi kadhaa, alikuwa mwenyeji wa mabonde hayo zamani. Lambo linapokaribia kukauka, wanaume na vijana huingia kwa pamoja na matenga na mikuki, na siku hiyo kijiji kizima hula samaki.

Starehe nyingine hazikuhitaji kupangwa. Mtoto wa Bariadi asiyewahi kuliona Ziwa Victoria alijifunzia kuogelea lamboni. Vijana waliorudi kutoka kulima kwa zamu, wakiimba nyimbo za Bagalu au Bagika kulingana na upande wa ngoma wanaoushabikia, walipita hapo kuoga kabla ya jioni. Wasichana walifua na kuanika nguo juu ya mawe ya tuta. Wachungaji waliopoteana mchana walijua watakutana wapi. Katika nchi tambarare yenye jua kali, mahali penye maji mapana, upepo wa ubaridi na ndege weupe wakifuata ng'ombe ni mahali pa kupendeza, na inashangaza jinsi ripoti za maofisa zinavyopima ujazo wa maji bila kutaja furaha hiyo hata kwa sentensi moja.

Kwingine duniani furaha ndiyo iliyokuwa sababu ya kujenga. Nchini Marekani, vijana wa Civilian Conservation Corps, jeshi la kazi lililoanzishwa mwaka 1933 wakati wa mdororo wa uchumi, walijenga matuta ya udongo katika hifadhi za majimbo mengi, na nyuma ya matuta hayo yakatokea maziwa madogo ya kuogelea, kuvua na kupiga kambi, mengi yakiwa mali ya majimbo hadi leo. Karibu zaidi na hapa kuna Bwawa la Nairobi, lililokamilika mwaka 1953 kama akiba ya maji ya kunywa, likawa pia mahali pa mashua za matanga. Leo limefunikwa na magugu maji na taka zinazotiririka kutoka Kibera na mitaa mingine ya juu. Lilijengwa kuwa mali ya umma, ila hilo halikuzuia hata mfereji mmoja wa majitaka.

Malambo ya Usukuma yalikuwa na sumu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti F. S. McCullough na G. Webbe walichunguza konokono wa jamii ya Bulinus katika madimbwi na malambo ya Usukuma. Konokono hao hubeba vijidudu vya kichocho cha mkojo, na wengine wana uwezo uleule wa kamongo: maji yakikauka hujizika kwenye tope na kungoja mvua. Kukauka kwa lambo hakusafishi maji ya mwaka ujao. Mvulana aliyeogelea mchana kutwa ndiye aliyeugua zaidi, na katika vijiji vingi damu kwenye mkojo ilichukuliwa kuwa jambo la kupita la umri huo. Kati ya 1967 na 1973 Shirika la Afya Duniani na serikali ya Tanzania waliendesha mradi wa majaribio wa kudhibiti kichocho mkoani Mwanza, lakini ugonjwa bado uko Kanda ya Ziwa. Kunyima watoto maji hakuwezekani. Kuwapa dawa shuleni, kujenga vyoo na kutenga sehemu ya kuchotea maji mbali na ya kuogea kunawezekana, na kila lambo linalojengwa bila mambo hayo linaongeza wagonjwa.

Baada ya Uhuru serikali mpya iliahidi zaidi ya lambo. Mwaka 1971 ulitangazwa mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400. Wilaya za Maswa na Bariadi zilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga, na huko Waholanzi walichora mpango mkuu wa maji na kuchimba visima vifupi vya pampu za mkono. Operesheni Vijiji ikawakusanya watu katika vijiji vya pamoja, mara nyingine mbali na lambo walilolizoea na karibu na lambo moja lililopaswa kutosha kaya mara mbili. Mzigo wa kwato na mashamba kwenye eneo linalolisha lambo ukazidi.

Na tope likaanza kuhesabiwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Anders Rapp wa Uppsala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mabwawa madogo ya Dodoma na Arusha, likiwemo Ikowa lililojengwa mwaka 1957, wakaonyesha kwamba mabwawa ya aina hiyo yanaweza kujaa tope ndani ya miongo michache tu. Usukuma, iliyofyekewa mbung'o na kulimwa pamba hadi ukingoni mwa mabonde, haikuwa na sababu ya kupona.

Kwa miaka mingi lawama ilimwangukia ng'ombe, lakini hesabu rahisi inapunguza lawama hiyo. Ng'ombe wa kienyeji hunywa lita 25 hivi kwa siku ya joto. Ng'ombe 1,000 kwa siku 150 za kiangazi watakunywa meta za ujazo 3,750. Lambo la hekta mbili likipoteza milimita 6 kwa siku kwa mvuke, ndani ya siku hizo hizo jua litakuwa limekunywa meta za ujazo 18,000, karibu mara tano ya kundi zima. Kwa hiyo lambo hupona kwa kina chake. Lenye meta tano hufika Novemba; lenye kina kidogo, hata liwe pana kama uwanja wa ndege, hukauka kabla ya mvua. Tope haliibi nafasi ya maji tu, linayaweka karibu na jua. Ng'ombe ana hatia yake, ya kwato zake mlimani na tutani. Hatia ya kunywa hana.

Dawa ya tope ilitoka kwa Wasukuma wenyewe. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili nyasi zikue, nazo huushika udongo usishuke bondeni, kisha hufunguliwa kiangazi kikali. Mtindo huo ulikuwa umefifia wakati wa kuhamishwa vijijini. Mwaka 1986, baada ya Mwalimu Nyerere kushtushwa na ukame wa mkoa wa Shinyanga, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na badala ya kuleta mbegu na amri kutoka mbali, wataalamu wake waliwasikiliza wazee na kuirudisha ngitili. Hadi mradi unamalizika mwaka 2004, vijiji vya Bariadi, Maswa na Meatu vikiwemo, zaidi ya hekta 300,000 za miti na nyasi zilikuwa zimerudi. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ni vigumu kupata mfano bora wa serikali kufaulu kwa kufuata alichokijua mwananchi.

Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa rasmi mwaka 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ulirithi malambo na maswali yake. Mji wa Maswa umetegemea bwawa la New Sola karibu na Zanzui, chini ya mamlaka ya maji ya mji huo, na Mwanhuzi huko Meatu umetegemea bwawa la Mwanyahina. Haya yana mwenyewe anayejulikana na anayelipwa ankara. Malambo ya vijijini hayana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka maji yote chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa. RUWASA, iliyoundwa na sheria ya 2019, inashughulikia maji ya watu vijijini. Mifugo ina idara yake, uvuvi yake, umwagiliaji tume yake. Lambo moja lina vyote hivyo kwa pamoja, na utoro wake ukiziba hakuna hata moja kati ya taasisi hizo yenye kasma ya koleo.

Sasa bomba linakuja. Mradi mkubwa wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi Simiyu, uliopitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 na kuungwa mkono na Ujerumani kupitia benki ya KfW, unayatoa maji Ziwa Victoria upande wa Busega kuelekea Bariadi na Itilima, na hatimaye Maswa na Meatu. Mkoa wenye watu milioni 2.1 kwa sensa ya 2022 ulistahili maji hayo zamani, na kila mama atakayeacha kuchimba mchangani Septemba ni ushindi. Lakini hakuna mfugaji atakayenywesha ng'ombe 80 kwa maji ya bomba yanayolipiwa kwa ndoo. Kundi litarudi lamboni, na watoto pia.

Basi kijiji kinachotaka lambo lake lidumu kina pa kuanzia bila kungoja katapila: kuiweka ngitili juu ya lambo, katika mteremko unaolilisha, badala ya kuipeleka pembeni kwenye ardhi iliyobaki, kuwapa ng'ombe njia moja ya kuingilia majini, iliyopangwa mawe, mbali na tuta, na kuandika haya katika sheria ndogo za kijiji, pamoja na majina ya watakaozibua utoro kila Oktoba kabla mvua haijaanza.